Mifupa ya Mgonjwa wa Figo
Figo zikidhoofika, fosfeti hulundikana katika damu, na homoni ya parathairoidi huchota kalsiamu mifupani. Mgonjwa huambiwa apunguze fosfeti. Naye, kwa hofu, huacha nyama, samaki na maharage, akabaki na ugali mtupu. Hilo ni kosa. Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Akijinyima, misuli hunyauka, huanguka, na mfupa dhaifu huvunjika. Viondolewe kwanza soda ya kola na soseji: fosfeti iliyoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote, ile ya maharage chini ya nusu. Navyo vidonge vya kufunga fosfeti humezwa pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu.