Kutafsiri Vipimo vya Mtiririko wa Maji

Wanafunzi wetu wanaotafsiri maelezo ya pampu na mita za maji kutoka Kifaransa hukutana mapema na neno débit. Hili si débit la wahasibu. Ni ujazo wa maji unaopita mahali fulani kwa muda fulani. Wengi huandika "kasi ya mtiririko". Sisi tunapendelea "kiasi cha mtiririko", kwa sababu kasi hupimwa kwa mita kwa sekunde: maji yale yale yakiingia katika bomba jembamba kasi huongezeka, lakini kiasi hakibadiliki.

Tuchukue bomba la hapa Kinindo linalojaza bido ya lita 20 (Watanzania husema dumu) kwa dakika 4. Linatoa lita 5 kwa dakika. Tukizidisha kwa 60 tunapata lita 300 kwa saa. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, hivyo tunagawanya kwa 1,000 na kupata mita za ujazo 0.3 kwa saa. Kwanza muda, kisha ujazo. Anayebadilisha vyote kwa mpigo mmoja hupotea njiani. Wala zisiandikwe "mita za mraba", ambazo ni za eneo.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi imo katika mkato. Lita 1 kwa sekunde ni lita 3,600 kwa saa, yaani mita za ujazo 3.6. Lakini kwa uandishi wa Kifaransa tuliofundishwa shuleni, 3,600 ni tatu na sehemu sita za kumi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ni elfu tatu na mia sita. Tofauti ni mara 1,000, na fundi anayeagiza pampu hataiona mpaka ifike. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, maandishi yetu yana wasomaji wa aina zote mbili. Mfasiri wa Kiswahili aweke nukta kwenye desimali, na penye shaka aongeze namba hiyo kwa maneno.

Imebaki galoni, ambayo bado hujitokeza katika vitabu vya zamani na kwenye baadhi ya pampu. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Kama maelezo hayasemi ni ipi, mfasiri amuulize mwenye kazi kabla ya kuzidisha.