Mfanano Bila Undugu: Maua ya Mbuyu na Mwegea katika Istilahi za Sayansi

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kiswahili kikitumika kufundishia sayansi mjini Juba, kitahitaji istilahi zisizompotosha mwanafunzi. Makala haya yanatumia mfano wa miti miwili ya savana: mbuyu (Adansonia digitata) na mwegea (Kigelia africana).

Maua ya miti hii hufunguka usiku, hutoa harufu kali na mbochi kwa wingi, na huning'inia kwenye vikonyo virefu, mbali na majani. Sifa hizo humfaa popo mla matunda, anayehitaji harufu ya kumwongoza gizani na nafasi ya kulifikia ua. Hata hivyo, muundo wa ndani unakana undugu wa karibu. Mbuyu, wa familia ya Malvaceae, una petali tano zilizoachana na stameni nyingi mno. Mwegea, wa Bignoniaceae, una petali zilizoungana kama kikombe na stameni nne tu zenye chavua. Kila ukoo ulifika hapo kwa njia yake, kwa kuwa mimea iliyowavutia popo zaidi ndiyo iliyoacha mbegu nyingi.

Tunapendekeza "mfanano wa nasaba" kwa sifa zilizorithiwa kutoka kwa mhenga mmoja, na "mfanano wa kazi" kwa sifa zilizoibuka mbalimbali kwa hitaji moja. Tofauti hiyo ina uzito kisera: mpango wa hifadhi unaofuata familia za mimea pekee hauonyeshi kwamba kuwafukuza popo kunaidhuru miti yote miwili.