Safari ya vizazi vitatu: Kuvuka Isebania kwa furaha, si kwa matanga pekee

FAMILIA nyingi katika kaunti za Migori na Homa Bay zina jamaa upande wa pili wa mpaka, nchini Tanzania. Hata hivyo, mara nyingi jamaa hao hukutana pale tu anapofariki mmoja wao. Gari hukodishwa kwa haraka, watu huvuka Isebania wakiwa na huzuni, huzika na kurejea makwao. Watoto, ambao huachwa nyumbani kwa sababu ya masomo, hukua bila kuwajua binamu zao.

Hali hiyo inaweza kurekebishwa iwapo familia itapanga safari ya raha inayowashirikisha babu na nyanya, wazazi na watoto. Safari ya nchi ya kigeni si lazima iwe ya ndege, hoteli za kifahari na kupiga picha za wanyama. Kutoka mji wa Migori hadi Isebania ni mwendo wa kilomita zipatazo 20, na kutoka Sirari, upande wa Tanzania, hadi mji wa Tarime ni umbali unaokaribiana na huo. Wanaotoka Homa Bay hupitia Rongo na kuingia barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori.

Mpaka wenyewe haukuwekwa na wenyeji. Mnamo 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari uliotoka pwani, ukapita kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro na kuishia ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo uliwaacha Wajaluo na Wakuria pande zote mbili. Leo Wajaluo wako katika Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara, kama walivyo Migori na Homa Bay. Nao Wakuria wako Tarime kama walivyo Kehancha.

Baadaye, mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Waliokuwa vijana wakati huo ndio babu na nyanya wa leo. Wao ndio wanaokumbuka nani alimwoa nani, boma la nani liko wapi na mababu walizikwa wapi. Mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Mzee akiondoka kabla ya kuyaeleza, familia hubaki na majina yasiyokuwa na nyuso.

Stakabadhi kwanza

Mipango ya safari kama hii huanza na stakabadhi, tena miezi kadhaa mapema. Raia wa Kenya huweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa, lakini utaratibu huo haujumuishi Tanzania. Kila msafiri, mtoto mchanga akiwemo, anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Wakenya hawahitaji viza.

Kwa watoto, wazazi wahakikishe kuwa vyeti vya kuzaliwa vipo na kwamba majina yanalingana na yale yaliyo kwenye vitambulisho vyao. Mtoto anayesafiri na babu au mzazi mmoja tu afaa kuwa na barua ya idhini kutoka kwa wazazi wasiokuwepo. Kwa wazee, tatizo huwa ni kitambulisho kilichopotea au kuchakaa. Stakabadhi moja ikikosekana, mtu mmoja atazuiwa Isebania, na huenda akawa ni yule yule nyanya ambaye safari ilipangwa kwa ajili yake.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho hutakiwa. Tangu Julai 2016, kulingana na kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani na kuhifadhi cheti hana haja ya kurudia. Aliyetimiza miaka 60 na hajawahi kuchanjwa amwone daktari kwanza, kwa kuwa chanjo hiyo huweza kuwaletea madhara baadhi ya watu wa umri huo.

Wenye gari la kibinafsi wabebe kitabu cha usajili, na barua ya idhini iwapo mwenye gari hayumo safarini. Bima ya kawaida ya Kenya haitoshi. Inahitajika ile ya COMESA iitwayo Kadi ya Njano, ambayo Tanzania huitambua.

Kila kizazi na kazi yake

Safari nyingi za familia huharibika kwa sababu hupangwa na mtu mmoja kwa ajili ya wote. Watoto huchoshwa na mazungumzo ya watu wazima, nao wazee huchoshwa na mwendo wa vijana. Dawa yake ni kumpa kila mmoja jukumu.

Wazee waachiwe kuchagua watakaotembelewa. Kabla ya kuondoka, waketi na wajukuu na kuorodhesha jamaa kwa majina na uhusiano. Vijana wenye simu wapewe kazi ya kurekodi masimulizi na kuchora mti wa ukoo. Wazazi washughulikie fedha, malazi na usafiri.

Wadogo pia wana mchezo wao, na uwanja wake ni sokoni. Samaki aitwaye omena huko Homa Bay, akifika Musoma huitwa dagaa. Ngege huitwa sato, nayo mbuta huitwa sangara. Ziwa ni moja na samaki ni wale wale. Kilichobadilika ni jina. Mtoto atakayesema amekuja na nyanya yake atachekesha watu, maana huko nyanya ni kiungo cha mboga, na mama wa mzazi huitwa bibi. Atajifunza vilevile kumwamkia kila mkubwa kwa "shikamoo". Watoto waliozoea Kiingereza na Sheng hupata hapo mafunzo ya Kiswahili yasiyohitaji daftari.

Siku nne zinatosha

Siku ya kwanza na ya pili zaweza kutumiwa kwa jamaa, Tarime au Rorya. Siku ya tatu, familia ielekee Musoma na kusimama kwenye Daraja la Kirumi, linalovuka Mto Mara. Maji hayo hutoka katika msitu wa Mau nchini Kenya, hupitia Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia ziwani. Ni somo la jiografia ambalo mtoto hatalisahau.

Siku ya nne yafaa kwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka wa 1922 na alikozikwa baada ya kufariki mnamo Oktoba 1999. Kuna makumbusho yenye jina lake. Mzee aliyeishi enzi za Nyerere na Jomo Kenyatta hahitaji kiongozi wa watalii mahali hapo. Yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza wajukuu.

Mwendo uwe ule wa aliye mdogo na aliye mzee kuliko wote. Dawa za shinikizo la damu au kisukari zibebwe za kutosha na za ziada. Mwezi wa Desemba hufaa kwa kuwa shule za nchi zote mbili huwa zimefungwa, japo mvua za vuli huenda zikaharibu njia za vijijini.

Aidha, watu kumi wakishuka nyumbani kwa jamaa bila taarifa huwa ni mzigo. Wenyeji waarifiwe mapema, wageni wabebe sukari, unga na mafuta, na baadhi yao walale katika nyumba za wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hatimaye, safari haikamiliki hadi wenyeji nao walipe ziara. Wakija, wapelekwe Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, maboma ya mawe yaliyoingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta hizo zilijengwa karne kadhaa kabla ya mpaka kuchorwa. Na siku msiba utakapotokea tena, kwa kuwa hauna budi kutokea, vijana watakaovuka Isebania watakuwa wanakwenda kumlilia mtu wanayemjua.