MVUA ZA UNYANYEMBE: JE, ZIMEPUNGUA AU ZIMEBADILI MWENDO?

Wakulima wa nchi ya Tabora, wakutanapo chini ya mwembe katika mwezi wa Oktoba, husema neno moja: "Mvua za siku hizi si kama zile za wazee wetu." Neno hili ni zito. Mtu aaminiye kwamba mvua imekwisha hukata tamaa. Na mtu aaminiye kwamba itarudi vile vile hupanda kama babu yake alivyopanda. Wote wawili waweza kulala njaa. Kwa hiyo yafaa tulichunguze jambo hili polepole, kisha tujue la kufanya.

Desturi ya mvua yetu

Mvua ya Unyamwezi huja kwa msimu mmoja tu, si miwili kama ile ya pwani. Jua liendapo kusini, pepo za kaskazini na za kusini hukutana juu ya nchi yetu. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, ikawa mawingu. Ndiyo sababu tunapata mvua tangu Novemba hata Aprili, na miezi mingine nchi ni kavu. Katika mji wa Tabora mvua ya mwaka wa kawaida ni kama milimita 900. Dodoma, katika Ugogo, haifiki 600.

Wapagazi wa zamani walilijua jambo hili kwa miguu yao. Kati ya Mpwapwa na Ugogo walivuka Marenga Mkali, na kati ya Ugogo na Unyanyembe walivuka Mgunda Mkali, nyika mbili zilizoogopwa kwa ukosefu wa maji. Nao Wanyamwezi, ingawa walikuwa wapagazi mashuhuri, hawakupenda kuwa safarini wakati wa kupanda.

Ushahidi wa maziwa

Ziwa Tanganyika, ambako njia ya misafara iliishia Ujiji, ni kama kipimo kikubwa cha mvua. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliukuta mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa, umezibwa na mimea. Maji yakazidi kupanda, hata karibu na mwaka 1878 yakakishinda kizuizi na kukisukuma. Ziwa likashuka karibu mita 10 kabla ya karne ile kwisha. Labda mtu atasema, "Ni mlango uliofunguka, si mvua iliyopungua." Ni kweli kwa sehemu. Lakini Ziwa Victoria nalo lilikuwa juu katika miaka ile ile, nalo likashuka baadaye, wala halina Lukuga.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ukame ukabana nchi mwaka 1949, tena 1973 na 1974, tena 1983 na 1984, tena 2005. Mvua nyingi zikarudi mwaka 1997 na 1998, na 2019 na 2020, Ziwa Victoria likafikia tena kimo chake cha 1964.

Basi tunajifunza kwamba mvua ya nchi hizi haishuki moja kwa moja kama mtu ashukaye ngazi. Hupanda na kushuka kwa vipindi, na mwaka mmoja peke yake si shahidi.

Kilicho kipya

Hata hivyo wazee hawasemi uongo. Mambo mawili yamebadilika kweli.

La kwanza ni joto. Joto la dunia limezidi kwa digrii 1 na zaidi tangu karne ya 19, kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yachomwayo na mataifa. Hewa yenye joto hunyonya maji ya udongo upesi. Hivyo siku kumi za jua katikati ya mvua huumiza shamba kuliko zamani. Tena hewa hiyo hubeba maji mengi, na inyeshapo huweza kuyamwaga kwa nguvu mara moja.

La pili ni sisi wenyewe. Miombo imekatwa kwa mkaa, kwa mashamba mapya na kwa kukaushia tumbaku. Ardhi iliyo wazi hupigwa na matone, uso wake hukazana, na maji hukimbia kwenda mbugani yakichukua udongo mwema. Mvua imenyesha, lakini shamba halikunywa.

Tuseme miaka miwili imepata milimita 900 kila mmoja. Katika mwaka wa kwanza mvua inagawanyika vema. Katika mwaka wa pili inachelewa, kisha inakatika siku ishirini wakati mahindi yanapotoa maua. Kipimo ni kile kile, lakini ghala si ile ile.

Fundisho la Kongwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwapo na fedha zilikuwapo. Lakini mvua na udongo wa Kongwa havikuchunguzwa vya kutosha. Mvua ya 1949 ikapungua, udongo ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya hasara ya kiasi cha pauni milioni 36. Ikiwa wenye mali nyingi hivyo walishindwa kwa kutegemea miaka myema, mwenye jembe moja ajihadhari zaidi.

Mambo ya kufanya

1. Usipande kwa mvua ya kwanza peke yake. Chimba, udongo ukiwa na unyevu wa kina cha kiganja na zaidi, panda bila kukawia.

2. Lima matuta kwa kukingama na mteremko, nayo uyafunge kwa vijituta vya katikati, ili maji yakae yazame.

3. Usitie shamba lote mahindi. Mtama wa muda mfupi, kama Macia na Tegemeo, huvumilia jua ambalo mahindi hayawezi.

4. Kila nyumba iwe na shamba la mihogo, na viazi vikaushwe viwe michembe na matobolwa. Akiba haiozi.

5. Acha sehemu ya pori ipumzike, isichomwe moto wala kulishwa ovyo, kama ngitili za jirani zetu wa Shinyanga.

6. Sikiliza katika redio habari za msimu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uandike katika daftari siku mvua ilipoanza na ilipokatika. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa mali ya watoto wako.

Hatuwezi kuiamuru mvua. Lakini tone lililokwisha kuanguka shambani ni letu, tusiliache lipite.