Kushuka kwa Kope na Kushindwa kwa Jicho Kugeuka Baada ya Kiharusi

Makala haya yanafafanua dalili mbili za kiharusi ambazo kwa kawaida hufungwa pamoja katika kauli ya "jicho kulegea": kushuka kwa kope ya juu na kushindwa kwa jicho kugeuka. Inahojiwa hapa kwamba kauli hiyo inaficha jambo la msingi, yaani mahali palipoumia.

Kope ya juu huinuliwa hasa na msuli unaoongozwa na neva ya tatu ya kichwa. Neva hiyohiyo huongoza misuli minne kati ya sita inayogeuza jicho, na ndiyo inayofinya mboni. Ikipooza kabisa, kope hufunga, jicho huelekea nje na chini, na mboni hutanuka. Aghalabu mgonjwa halalamiki kwamba anaona vitu viwiliviwili mpaka kope iinuliwe kwa kidole; dalili moja humfichia nyingine. Kiharusi cha ubongo wa kati huweza kuathiri neva hii upande mmoja na kupooza mkono na mguu wa upande wa pili. Hermann Weber, daktari Mjerumani aliyefanya kazi London, aliieleza hali hiyo mwaka 1863.

Kiharusi cha pembeni mwa medula, alichokieleza Adolf Wallenberg mwaka 1895, ni tofauti. Hapo hukatika njia ya neva za simpathetiki: kope hushuka milimita moja au mbili tu, nayo mboni husinyaa badala ya kutanuka.

Uso uliopinda usichanganywe na hali hizi. Neva ya saba hufumba jicho. Ikidhoofika, jicho hushindwa kufumba.

Mboni ndiyo inayostahili uangalifu zaidi. Nyuzi zinazoifinya hupita kwenye tabaka la nje la neva ya tatu, hivyo hubanwa mapema. Kope ikishuka ghafla, mboni ikatanuka na kichwa kikauma vikali, huenda si kiharusi cha kuziba kwa mshipa bali ni ateri iliyovimba inayoigandamiza neva, nayo yaweza kupasuka. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye neva imekosa damu, mboni mara nyingi husalimika. Faili lililoandikwa "jicho limelegea" halimwambii daktari wa zamu inayofuata lolote kati ya haya. Likiandikwa "kope ya kulia imeshuka, mboni pana, jicho haligeuki ndani", ataagiza picha ya mishipa ya kichwa usiku uleule.