SIRI YA MGONJWA NA MNYORORO WA KOMPYUTA

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hataacha kuficha ikiwa hana hakika kwamba anayomweleza daktari yatabaki kwa daktari. Kwa hiyo siri ya hospitali si suala la heshima tu, bali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Zamani aliyetaka kuiba siri za wagonjwa elfu moja alihitaji mkokoteni wa kubebea mafaili. Tangu kumbukumbu zihamie kwenye kompyuta, mwizi anaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mwaka 2018 huko Singapore ziliibwa taarifa binafsi za wagonjwa wapatao milioni 1.5. Miongoni mwa walioibiwa hata orodha ya dawa zao alikuwamo Waziri Mkuu wa wakati huo, Lee Hsien Loong. Mwaka 2020 nchini Finland, watu waliopata matibabu ya kisaikolojia katika vituo vya Vastaamo walipokea barua za vitisho zikiwataka walipe, ama sivyo waliyomweleza mtaalamu wao yatatangazwa.

Je, turudi kwenye makaratasi? Hapana. Mgonjwa anayefikishwa hospitali hajitambui anahitaji historia yake imtangulie. Swali ni namna ya kuifikisha kwa anayehusika bila kuitawanya kwa asiyehusika.

Ndiyo maana wataalamu wameigeukia teknolojia iitwayo blokucheni, yaani mnyororo wa mafungu ya kumbukumbu. Wengi wameisikia kwa sababu ya sarafu ya bitcoin iliyoanza mwaka 2009, lakini asili yake ni ya zamani zaidi na haikuhusu fedha.

Mwaka 1991, Stuart Haber na Scott Stornetta wa Marekani walieleza njia ya kuthibitisha kwamba waraka wa kompyuta haujabadilishwa. Kompyuta huusoma waraka na kutoa alama fupi ya tarakimu na herufi, mithili ya alama ya dole gumba. Ukigusa hata nukta moja ya waraka, alama inakuwa nyingine kabisa. Alama hizo huunganishwa, kila fungu likibeba alama ya fungu lililotangulia. Kuanzia mwaka 1995 alama ya jumla ilichapishwa kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Aliyetaka kughushi waraka wa zamani ingembidi kwanza ayakusanye magazeti yote yaliyokwisha kuuzwa! Katika mnyororo wa leo, kazi ya gazeti hilo hufanywa na kompyuta nyingi zenye nakala ileile.

Nchi inayotajwa sana katika matumizi ya njia ya namna hii hospitalini ni Estonia, yenye watu wapatao milioni 1.3. Mwaka 2007 mitandao ya serikali, benki na magazeti yake ilishambuliwa vikali, na funzo likapatikana. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja zitalindwa kwa teknolojia ya mnyororo ya kampuni ya Guardtime.

Hapa inafaa tuelewane vizuri. Faili la mgonjwa haliwekwi ndani ya mnyororo. Linabaki mahali pake, na kinachoingia ni alama tu. Kufanya vinginevyo kungekuwa hatari, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki, na siri yenye nakala mia si siri tena. Faida yake ni kwamba mtu akibadilisha kundi la damu, au akafuta kosa la daktari, alama zitamuumbua. Aidha, raia wa Estonia hutumia kitambulisho chake cha kielektroniki kutazama nani amesoma kumbukumbu zake na lini, na anaweza hata kuzifunga zisionekane.

Hata hivyo mnyororo si dawa ya kila kitu. Haumzuii karani mwenye ruhusa kusoma faili la jirani yake na kwenda kusimulia kijiweni. Hausahihishi kipimo kilichoandikwa kimakosa tangu mwanzo. Utalilinda kosa hilo kwa uaminifu uleule. Wala hausaidii pale neno la siri la daktari linapobandikwa kwenye karatasi ukutani.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na ya kwake mwaka 2019. Hospitali zetu zinaponunua mitambo, wauzaji watakuja na maneno mazito juu ya blokucheni. Waulizwe mambo mepesi: faili litakaa wapi, nani atakuwa na ufunguo, na mgonjwa ataonaje nani amelifungua? Siri ya mgonjwa itakuwa salama pale kila anayefungua faili atakapojua kwamba mwenye faili ataliona jina lake.