Upeo wa Juu na Upeo wa Chini: Hisabati katika Kazi ya Fundi Bati

Mafundi wawili wamepewa vipande viwili vya bati vya umbo la mraba, kila kimoja kikiwa na upande wa sentimita 60. Kila fundi anatakiwa kutengeneza chombo cha maji kisicho na kifuniko, kwa kukata mraba mdogo katika kila pembe, kukunja pande nne kwenda juu na kuziba maungio kwa lehemu. Fundi wa kwanza anakata miraba ya sentimita 20. Wa pili anakata miraba ya sentimita 10. Chombo cha kwanza kinachukua lita 8, na cha pili kinachukua lita 16. Bati ni lile lile na gharama yake ni ile ile, lakini mmoja amepata nusu tu ya alichopata mwenzake.

Je, yuko fundi wa tatu awezaye kumshinda wa pili? Kubahatisha hakutoshi, kwa maana vipimo vya kujaribu havina mwisho. Kalkulasi, yaani tawi la hisabati linaloshughulikia kasi ya mabadiliko, hulijibu swali hili kwa mistari michache.

KUPANDA, KUTULIA NA KUSHUKA

Ikiwa upande wa mraba unaokatwa ni sentimita x, basi kina cha chombo ni x, na kila upande wa kitako chake ni 60 − 2x. Kwa hiyo ujazo wake, katika sentimita za ujazo, ni:

U = x(60 − 2x)²

Miraba ikiwa midogo, kitako huwa kipana lakini chombo hukosa kina. Miraba ikiwa mikubwa, kina huongezeka lakini kitako hupungua. Mambo mawili yanavutana, na jibu limo mahali fulani katikati. Vipimo vichache vinaonyesha hivyo:

x = 5, U = 12,500
x = 10, U = 16,000
x = 15, U = 13,500
x = 20, U = 8,000

Ujazo unapanda, kisha unashuka, kama njia ipitayo juu ya kilima. Anayepanda kilima huona ardhi imeinuka mbele yake. Anayeteremka huiona imeinama. Lakini pale kileleni penyewe, kwa hatua ndogo, ardhi haipandi wala haishuki. Hapo ndipo penye siri ya njia hii: katika upeo wa juu, kasi ya badiliko ni sifuri.

Ili kuona kasi hiyo, x na iongezwe kwa kiasi kidogo n. Tukianzia sentimita 5, ujazo mpya ni:

12,500 + 1,500n − 180n² + 4n³

Neno lenye n peke yake ndilo linaloonyesha kasi: sentimita za ujazo 1,500 kwa kila sentimita moja ya kina. Chombo bado kiko mbali na kilele. Tukianzia sentimita 10, hesabu hiyo hiyo hutoa:

16,000 − 120n² + 4n³

Neno lenye n limetoweka. Kasi ni sifuri, na n iwe ya kuongeza au ya kupunguza, maadamu ni ndogo, ujazo hupungua. Fundi wa pili amefika kileleni, wala hakuna wa kumshinda.

FAIDA YA KILELE TAMBARARE

Hesabu hiyo ya mwisho ina faida nyingine. Fundi akikosea kwa sentimita 1 nzima na kukata 11, atapata sentimita za ujazo 15,884. Hasara yake haifiki hata sehemu 1 katika 100. Aliyekuwa kwenye sentimita 20, kosa kama hilo lingemgharimu zaidi ya sehemu 14 katika 100.

Jambo hili liligunduliwa kabla kalkulasi haijapata jina. Mwaka 1613 mwanafalaki Johannes Kepler, akiwa Linz nchini Austria, alimwona mwuza mvinyo akipima mapipa kwa kupenyeza fimbo moja kutoka tundu la katikati hadi ukingo wa chini, bila kujali umbo la pipa. Kepler alishuku kipimo hicho, akafanya hesabu, na mwaka 1615 akatoa kitabu juu ya mapipa. Aliona kwamba umbo la mapipa ya Austria lilikaribia sana lile lenye ujazo mkubwa kabisa kwa urefu fulani wa fimbo, na kwamba karibu na upeo huo makosa madogo ya seremala hayabadili ujazo kwa kiasi cha kuonekana. Katika miaka ya 1630 Pierre de Fermat wa Ufaransa alibuni njia ya kutafuta mahali hapo, na mwaka 1684 Gottfried Leibniz alichapisha kanuni zake za kalkulasi, zikitangazwa kuwa njia mpya ya kutafuta upeo wa juu na wa chini.

TAHADHARI MBILI

Kwa kanuni hizo, kasi ya badiliko la chombo chetu ni 12(x − 10)(x − 30). Ni sifuri x ikiwa 10, lakini pia x ikiwa 30, ambapo bati lote limekatwa na hakuna chombo! Kwa hiyo sifuri pekee haitoshi; lazima kuchunguza kama pale ni kilele au bonde.

Pili, mipaka ichunguzwe. Ikiwa chombo kitawekwa kwenye rafu isiyoruhusu kina zaidi ya sentimita 8, jibu bora ni 8, ingawa kasi pale si sifuri.

TANGI LA MAJI

Njia hiyo hiyo hutafuta upeo wa chini. Tangi la duara lisilo na kifuniko linatakiwa liwe na ujazo U. Nusu kipenyo ikiwa r na kimo h, bati linalohitajika ni:

B = πr² + 2U/r

Kasi ya badiliko ni 2πr − 2U/r². Ikiwa sifuri, U = πr³, na kwa kuwa U = πr²h, basi h = r. Tangi linalotumia bati dogo kabisa lina kimo sawa na nusu kipenyo chake.

Lakini jibu hilo halihesabu mabaki. Kitako cha duara hukatwa kutoka mraba wenye eneo 4r², na pembe zake hutupwa. Fundi anayelipia mraba mzima aandike 4r² badala ya πr²; atapata h = 4r/π, yaani karibu r mara 1.27. Hisabati hujibu swali lililoulizwa. Kuuliza swali sahihi ni kazi ya fundi mwenyewe.

ZOEZI: Tangi likiwa na kifuniko cha duara, na mabaki yasipohesabiwa, onyesha kwamba kimo bora ni sawa na kipenyo kizima.